Siku Sukari Ilipogeuka Mchanga

Mwaba hakuwa amebeba mtungi kichwani tangu azaliwe, na Jumamosi ile asubuhi wanawake wa ukoo wake walihakikisha Nchelenge nzima imelijua jambo hilo.

"Shingo wima, msomi!" Agness alimpigia kelele kutoka mbele ya msafara. "Ukiumwaga huo, utaolewa wewe badala ya dada yako."

"Nani atamwoa? Hajui hata kusonga ubwali," alidakia mwingine nyuma, na kicheko kikapita kwenye mstari mzima wa vichwa vilivyobeba vyungu.

Mwaba naye alicheka, ila kwa uangalifu, maana kicheko hutikisa shingo. Mtungi ulikuwa ubebwe na binamu yao, lakini binamu alikuwa ameteguka mguu, na vichwa vingine vyote vilikuwa na mizigo yake: ubwali wa mihogo, kuku, samaki waitwao pale waliopikwa kwa karanga, majani ya maboga, viazi vitamu. Wanaume waliokuwa wakitandaza nyavu kando ya ziwa waliacha kazi ili wamtazame kijana aliyerudi likizo kutoka chuo cha Makerere, suruali imepigwa pasi, mtungi wa munkoyo kichwani.

Hakuona aibu. Kinywaji kile cha munkoyo kilikuwa kazi ya mikono ya Olipa, dada yake wa pekee. Aliichimba mwenyewe ile mizizi ya porini inayoupa uji wa mahindi utamu wake, akaiponda, akailoweka kwenye uji huo, akaukeshea kama mtu anayeuguza mtoto. Kabla msafara haujaondoka alikuwa amemvuta Mwaba kando ya jiko.

"Kaka, mwangalie yule shangazi wa mchumba wangu anapokunywa. Ukirudi usiniambie alisema nini. Watu husema mengi. Niambie uso wake ulikuwaje."

Mwaba akaahidi.

Siku hiyo, katika mwaka wa 1956, ilikuwa siku ya kumwonyesha moto bwana arusi. Ndivyo watu wa ziwa la Mweru wanavyoiita: upande wa bibi arusi hupika vyakula vya kila namna na kuvipeleka nyumbani kwa kijana, ili aujue moto atakaokula kwao maisha yake yote. Bibi arusi mwenyewe hubaki nyumbani. Vyungu vikirudi vitupu, ndoa inapangiwa siku. Vikirudi vimefunikwa, vimejaa vilevile, basi hakuna anayehitaji kuelezwa.

Nkonde, bwana arusi, alikuwa fundi wa mitumbwi ya mbao hapo Nchelenge, lakini watu wake walikuwa wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, Kongo ya Wabelgiji. Nyumbani kwao walisema Kiluba. Kina Mwaba walisema Kibemba. Katikati yao kulikuwa na Kiswahili, lugha waliyozoea kuuziana samaki, kwa hiyo hata salamu zao zilisikika kama mwanzo wa kupatana bei.

Ukoo wa Nkonde nao ulikuwa na desturi yake. Hakuna aliyetia chakula cha arusi kinywani kabla ya Shangazi Ennie kukionja. Walimwita Ulimi. Alikuwa mama mnene mwenye macho ya upole, na upole huo ndio uliowatisha watu, kwa sababu alikuwa amevirudisha vyungu vya nyumba kadhaa kwa sauti ileile aliyoitumia kuwatakia heri. Kule Pweto kulikuwa na msichana ambaye Shangazi alimtaja kwa Nkonde mara moja tu, kwa upole. Nkonde alikuwa amejibu kwamba yeye ni Olipa au hakuna. Shangazi akasema, "Bien, muzuri, tutaonja."

Walipofika, Davison, mjomba wa Nkonde, alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Eh! Bemba banabebesha mwanaume mutungi? Ao huyu ndiye bibi arusi?"

"Bibi arusi wetu tumemficha, mjomba," Agness alimjibu bila kupunguza mwendo. Yeye ndiye aliyekuwa nachimbusa, mama aliyemfunda Olipa, na siku hiyo ulimi wake ulikuwa wa ukoo mzima. "Tuliogopa ukimwona utamsahau mkeo."

Watu wakacheka pande zote mbili, na Mwaba akashushiwa mtungi. Mkeka ulitandikwa uani, vyungu vikapangwa, na wote wakakaa kumsubiri Ulimi. Shangazi Ennie alitokea nyuma ya ua, akatema kitu cha kijani kibichi kando ya ukuta, akajifuta midomo kwa ncha ya kitenge chake, akaketi.

Alianza na samaki. Alimega, akatafuna polepole, kisha akalamba vidole viwili, na Agness akamfinya Mwaba paja kwa furaha. Majani ya maboga aliyaitikia kwa kichwa. Kuku alimrudia mara ya pili, akasema, "Chumvi yake iko muzuri." Nkonde, aliyekaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino, alianza kupumua.

Ndipo Shangazi akachukua kiazi kitamu. Akakitafuna, akaacha kutafuna, akakimeza kwa shida.

"Viazi hivi vilitoka wapi?"

"Shambani kwetu, mukwai," Agness alisema kwa neno la heshima la Kibemba.

"Ni kama udongo."

Akanyoosha mkono, na mtungi ukasogezwa. Nkonde mwenyewe alimchotea kikombe kilichojaa. Mwaba aliukazia macho uso wa mama yule kama alivyoahidi. Shangazi alikunywa mafunda mawili. Nyusi zake zikashuka, pembe za mdomo zikashuka, na akakiweka kikombe chini taratibu, mbali kidogo na goti lake.

"Mie nilikunywaka munkoyo tangu utoto," alisema kwa ile sauti ya upole. "Hii ni maji ya mutoni yenye kuchachuka. Sukari haiko. Hata kidogo."

"Haiwezekani!" Agness alijishika kifua. "Nimeuonja mwenyewe alfajiri. Mjomba Davison, onja wewe!"

"Mie?" Davison aliruka nyuma. "Hapa kwetu mutu haonji mbele ya Ulimi kukubali. Na nyinyi mulipika, mutasema nini zaidi ya kuusifu?"

Upande wa Pweto ukaanza kunong'ona kwa Kiluba. Upande wa Nchelenge ukanong'ona kwa Kibemba. Mtu mmoja alisema bila kutaja jina kwamba huenda chungu kimerogwa, na mwingine akamjibu kwamba huenda ni kinywa. Nkonde alisema, "Shangazi, tafadhali." Shangazi Ennie aliunyoosha mkono wake kwa huzuni ya kweli, akakichukua kifuniko cha mtungi. Kifuniko kikishakaa, mambo yameisha.

Mwaba alikuwa akifikiria uso wa Olipa. Angemwambia nini? Lakini kulikuwa na jambo lililomkereketa akilini. Ulimi uliolisifu jani la boga na kuipima chumvi ya kuku ulikuwa ulimi mzima. Ulikuwa umekosa kitu kimoja tu, utamu, na umeukosa mara mbili. Akaona doa la kijani kwenye pembe ya mdomo wa shangazi. Na hapo akakumbuka chumba kimoja cha wanafunzi kule Makerere, na rafiki yake Mhindi wa Kampala akigawa majani makavu yaliyotumwa na bibi yake, huku akisema, "Tafuneni, halafu niwape peremende."

Mwaba akapiga magoti, akagonganisha viganja kwa heshima kama wafanyavyo Wabemba mbele ya wakubwa.

"Shangazi, naomba kuuliza neno moja kabla kifuniko hakijakaa."

"Sikieni Kiswahili ya vitabu!" Davison akacheka.

"Muache aulize," alisema Shangazi Ennie.

"Ulitafuna nini kabla ya kuja kuketi?"

Nyusi za mama zikapanda. "Jani la kusafisha kinywa. Ulimi usikuje muchafu kwa chakula ya arusi. Kwetu Pweto liko nyuma ya nyumba yangu. Hapa nililiona karibu na mitumbwi, linapanda ukuta wa miti. Nikachuma." Akafungua pindo la kitenge, akatoa majani machache laini, mabichi.

"Ni lilelile la Pweto?"

Shangazi aliligeuza jani, akalinusa, akaligeuza tena. Kwa mara ya kwanza siku ile alisita. "Linafanana," alisema. "Asubuhi sikuvaa miwani."

Mwaba alijua jinsi lilivyo jambo zito kumwambia mzazi wa watu, mbele ya wakwe, kwamba ulimi wake umekosea. Hata hivyo hakuamini kwamba umekosea, na hilo ndilo lililompa moyo.

"Shangazi, ulimi wako hauna kosa. Umesema ukweli wa kile ulichoonja. Naomba nieleze kwa mfano wa ubwamba."

Ubwamba kila mtu pale aliujua: ukuta wa miti na udongo unaojengwa kukata kijito, wenye mapengo, na kila pengo na mgono wake wa kunasia samaki.

"Miili yetu imejengwa kwa vyumba vidogo mno, tunaviita seli. Ulimi umejaa seli za kuonjea. Kila seli ina ukuta kama ubwamba, na ukutani kuna vilango. Nje ya ukuta kuna chembe za chumvi zenye nguvu kama ya umeme, zinasukumana kama maji ya mafuriko. Kilango kikifunguka, zinamiminika, na mshtuko ule unakimbia kwenye mshipa hadi kichwani. Hapo ndipo mtu anasema, nimeonja."

"Basi chumvi inapita yenyewe," alisema Nkonde, ambaye maisha yake yote yalikuwa mbao, nyufa na maji yanayoingia.

"Wengi wanadhani hivyo. Lakini sukari haipiti. Sukari ni mgeni anayebisha hodi. Kuna mlinzi ukutani, na mkono wa mlinzi una umbo ambalo sukari inalikaa sawasawa. Akiishika tu, anapiga kelele ndani. Asipoishika, hata ukimwaga gunia zima hakuna habari. Sasa jani hili, nadhani, lina kitu kinachoukamata mkono wa yule mlinzi na kuung'ang'ania. Sukari inakuja, inabisha, na mlinzi mikono yake imejaa."

Davison alimtazama Mwaba, akautazama mtungi, akamtazama tena.

"Na wewe, mutoto yangu," Shangazi Ennie aliuliza taratibu, "huyo mulinzi ulimuona?"

"Hapana, Shangazi. Hakuna aliyemwona bado. Hata wazungu wenye vioo vyao vya kukuzia wanamkisia tu, kwa kazi yake."

"Na hicho kilango?"

"Nacho hakijaonekana."

"Kwa hiyo unaniomba nirudishe mukono yangu sababu ya kilango chenye hakionekani."

Pweto nzima iliguna kwa kuridhika. Agness alifumba macho. Mwaba alihisi masikio yake yakipata moto. Kisha akacheka, kwa sababu jibu lilikuwa mkononi mwa mama yule muda wote.

"Siwezi kukuonyesha, Shangazi. Lakini naweza kukifunga cha kwangu, hapahapa, mbele ya watu wote. Nipe majani hayo."

Akayapokea, akayatia kinywani mengi kuliko ilivyohitajika, akatafuna. Yalikuwa machungu kidogo, ya kawaida tu. Aliyazungusha kila upande wa ulimi, akatema. "Nkonde, shemeji, una sukari ndani?"

Nkonde alikimbia. Alirudi na kopo la sukari ya chai, na Mwaba akamimina kijiko kizima ulimini. Chembe zilisagika kati ya meno yake kama mchanga wa ufukweni, bila ladha yoyote, na uso wake ukakunjamana wenyewe kabla hajapata nafasi ya kuupanga.

"Anaigiza," alisema Davison.

"Chakula cha arusi huruhusiwi kuonja, mjomba," Agness alimwambia kwa utamu wa hatari. "Lakini jani si chakula cha arusi. Na sukari ni ya kwenu. Au unaogopa?"

Davison hakuwa mtu wa kuambiwa anaogopa. Alinyakua jani, akalitafuna huku akiwakonyeza watu wake, akatema, akachota sukari kwa mkono na kuitupa kinywani. Alitafuna mara moja. Akasimama. Akaangalia ndani ya kopo.

"Nkonde! Uliniwekea muchanga?"

Ua mzima ulilipuka. Davison alitema, akachota tena, akatafuna tena kwa uso wa mtu anayetafuna ufukwe wa Mweru, akalia, "Muchanga! Batu, ni muchanga!" Wanawake wa Nchelenge waliegemeana. Hata wazee wa Pweto walijifuta machozi kwa migongo ya mikono yao.

Shangazi Ennie tu hakucheka. Alichukua chembe chache za sukari kwa ncha ya kidole, akazitia ulimini, akangoja. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo labda ni Mwaba tu aliyeisikia vizuri, "Na ulimi wangu? Ulikufa?"

Mwaba akamsogelea. Alikuwa amemwogopa mama huyu asubuhi nzima, na sasa akaona mtu aliyedhani ameipoteza kazi yake.

"Haujafa, Shangazi. Mlinzi yupo, mikono yake tu ndiyo ina mgeni. Mate yanamwosha polepole, na mgeni ataondoka. Kule chuoni, tulisubiri muda kama wa kupika maharagwe, basi."

"Tutangoja, basi," alisema Ulimi, na akakiweka kifuniko chini, juu ya mkeka, mbali na mtungi. "Hakuna mutu anakula."

Wakangoja. Kwa kuwa hawakuwa na chakula cha kushughulisha vinywa, ilibidi waongee. Nkonde alitaka kujua kama kuni mbichi nazo zina vilango, na Mwaba akajikuta akimchorea seli kwenye vumbi kwa kijiti. Agness na mama mmoja wa Pweto walibishana kama ugali huitwa ubwali au bukari, kisha wakagundua kwamba wote wawili huuangusha wakiwa na haraka na kumlaumu paka. Mzee mmoja akasema kwamba sasa anafahamu kwa nini kambare hufuata chambo kwenye maji ya tope, maana masharubu yale lazima yamejaa walinzi. Mwaba alifurahi hadi akamshika mkono, akasema ndivyo, ndivyo kabisa. Lugha ya kupatana bei ililegea. Ilianza kutumika kwa uongo mdogomdogo, utani, na habari za watoto.

Kila baada ya muda Shangazi Ennie alitia chembe ya sukari ulimini, na kila mara ua mzima ulimgeukia. Alitikisa kichwa. Baadaye alitikisa tena. Mara nyingine akakunja uso, akasema, "Kuna kintu mbali, kama mutu anaita ng'ambo ya mutoni." Kisha akatia tena. Safari hii aliuvuta mtungi kwa mikono miwili.

Alichota mwenyewe. Mwaba akamtazama.

Funda la kwanza, macho yalifumbwa. Funda la pili, nyusi zilipanda, zikakaa hukohuko juu. Shavu moja likavimba, maana aliushikilia munkoyo pembeni ya kinywa kama mtoto asiyetaka kitu kizuri kiishe. Alipomeza, alichungulia ndani ya kikombe kana kwamba anamtafuta mtu aliyemsalimia kutoka mle.

"Olipa ndiye alipika huu?" aliuliza.

"Ndiye, mukwai," Agness alisema.

"Peke yake?"

"Peke yake."

Shangazi Ennie alimgeukia Nkonde. "Ulikuwa unangoja nini, weye? Muwaka muzima unajenga mitumbwi ya batu!" Kisha akawapungia mkono watu wake. "Kuleni! Na hicho kiazi nirudishieni, nilikisingizia."

Vikombe vikazunguka. Kila aliyekunywa alitoa mlio, na wengine walirudi kupanga mstari. Ilipofika zamu ya Mwaba alikunywa kikombe chake chote. Kwake yalikuwa maji ya mtoni yenye kuchachuka. Kando yake Davison alikuwa akikitazama kikombe chake kwa masikitiko makubwa.

"Tamu sana," alisema Mwaba.

"Muongo!" Davison alimpiga bega. "Mulinzi wako bado amelala na wangu. Bemba, ulituua wote wawili!" Na wakacheka, watu wawili pekee katika ua ule ambao kwao arusi haikuwa na sukari, na Mwaba hakukumbuka kama aliwahi kufurahi kiasi kile.

Jua lilikuwa limeinamia ziwa msafara uliporudi. Mtungi mtupu hauna uzito, na Mwaba akaubeba mwenyewe bila kuambiwa, akautembeza kwa madaha, na wanawake wakamwimbia kama wanavyomwimbia bibi arusi. Olipa alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jiko. Alizisikia nyimbo, akauona mtungi, hata hivyo hakutoka. Alimsubiri aingie.

"Uso, kaka."

Mwaba akafumba macho. Akapandisha nyusi, akaziacha hukohuko. Akavimbisha shavu moja. Akachungulia ndani ya kikombe kisichokuwepo. Olipa alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, mabega yakamtikisika, na Mwaba hakujua ni kicheko au ni kilio mpaka alipomkumbatia.

"Nilikubakizia," alisema Olipa baadaye, akijifuta. Akamtolea kibuyu kidogo kutoka nyuma ya mafiga. "Nilijua huko watakunyima."

Mwaba alikipokea. Alitaka kumweleza kwanza kuhusu jani, na mlinzi, na mchanga wa Davison, lakini dada yake alikuwa akimtazama usoni, akingoja. Akanywa. Mwanzoni, kwa wingi wa majani aliyoyatafuna, ilikuwa uchachu tu. Kisha, kutoka mbali, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, utamu ukaja ukikaribia, ukafika, ukajaa kinywa chote.

Olipa alikwisha kuuona uso wake.